Fundi wa Ng'ambo, Tabora: ufa wa rangi anaujua, ufa wa kaboni anaujua

Tabora fundi baiskeli humkosi, kila mwembe una wake. Ila fundi wa kukwambia ufa huu umeishia kwenye rangi na ule umezama kwenye kaboni, zile nyuzi zilizogandishwa kwa gundi kuwa fremu, huyo wa kumtafuta. Mimi nimempata Ng'ambo, na naandika kwa ajili ya wenzangu tunaoagiza baiskeli za mbio za mtumba kutoka Dar.

Yangu ilifika na nyufa mbili. Mmoja chini, ekseli ya pedali inapopita, pale kaboni inapokutana na alumini. Mwingine kwenye bomba la juu, karibu na kiti. Muuzaji alisema zote ni rangi. Fundi hakumbishia wala hakumkubalia. Aliiosha fremu kwa sabuni, akaikausha, akaanza kuimulika kwa tochi aliyoilaza ubavuni ili kila mstari utoe kivuli.

Ule wa chini ulikuwa mwembamba na ulifuata kiungo mle mle. Akapitisha ukucha, haukunasa. Akanieleza kuwa joto halitanui alumini na kaboni kwa kiasi kimoja, kwa hiyo rangi ngumu iliyopakwa juu ya maungio hupasuka. Hakuishia hapo, maana gundi ya kiungo nayo huweza kuachia. Alinipandisha kwenye baiskeli, nikabana breki na kukandamiza pedali, yeye kidole kaweka juu ya ufa akisikilizia kama kuna kucheza au mlio. Kimya. Akaweka alama ya kalamu kwenye ncha zote mbili za ufa na kuandika tarehe: ukivuka alama, nirudi.

Kwenye bomba la juu ndipo alipochukua muda. Ufa ulikuwa mfupi, umekata mshazari, na ukucha ulinasa. Alipobonyeza kwa dole gumba, pakabonyea kidogo. Akachukua sarafu ya mia mbili akagonga kuanzia mbali: ti, ti, ti, kisha karibu na ufa sauti ikafa, du. Nilidhani kamaliza, akasema sauti peke yake haimtoshi, kwani kaboni ina unene tofauti na karibu na maungio mlio hubadilika hata kama fremu ni nzima. Akagonga upande wa pili wa bomba, mahali pale pale, apate cha kulinganisha. Kule ililia vizuri.

Ndipo akaniomba ruhusa ya kuondoa rangi. Alivaa barakoa, akatumia msasa laini wenye maji ili vumbi la kaboni lisiruke, akatoa klia, ile rangi angavu ya juu, na rangi yenyewe peke yake. Nyuzi zilipoanza kuonekana akasimamisha mkono, maana nyuzi ndizo zinazobeba mzigo. Kama ufa ungekuwa wa rangi, ungeishia hapo. Huu uliendelea, na kipande cha pamba alichopitisha kiling'ang'ania kwenye nyuzi zilizokatika.

"Dada, hii usiipande," akasema. Nikamuuliza kuhusu kuziba kwa gundi na kupaka rangi upya. Akakataa kabisa. Chuma mara nyingi hupinda kwanza ukakiona. Kaboni inaweza kukatika ghafla ukiwa mwendo kasi, tena barabara ya Nzega yenye malori. Angeweza kuchukua hela yangu na nisingejua. Kwa hilo peke yake nampa heshima zote.

Upungufu upo. Hana kamera ndogo ya kuchungulia ndani ya bomba. Hana spana ya kupima nguvu ya kukaza, na kwa kaboni hiyo ni lazima: klempu nyingi za kubana kiti huandikwa 5 Nm (newtonmita, kipimo cha nguvu ya kukaza), na mkono haupimi hilo. Pia kama fremu imegongwa na nje haionyeshi kitu, tabaka za ndani zinaweza kuwa zimeachana na sarafu isigundue. Hapo panahitajika kipimo cha mawimbi ya sauti, ambacho yeye hana.

Alinitoza elfu tano, pamoja na kuhamisha pedali na kiti kwenye fremu yangu ya zamani ya chuma. Nenda asubuhi kabla foleni ya bodaboda wanaoziba pancha haijajaa, na ukifika mwambie baiskeli ilianguka wapi na upande gani. Hilo ndilo swali lake la kwanza.