Joho na jambia la kukodi, Ngamiani Tanga

Jamani kama una harusi Tanga na unataka bwana harusi atoke kipwani haswa, kuna mzee Ngamiani anakodisha joho, kilemba na jambia (kile kisu kilichopinda cha kuvaa kiunoni), sisi tulimchukulia mdogo wangu wiki iliyopita. Jambia ndo limenikosha kabisa, ala imepinda vizuri, nyuzi za fedha zimesukwa kwa mkono na mshipi wake mzito, sio yale ya bati la kung'aa ya kutundika ukutani. Yani umbo lile lile lililopo kwenye nembo ya Oman, jambia juu ya panga mbili zilizopishana, kama sisi tulivyo na ngao na mkuki kwenye nembo yetu ya taifa. Mzee akatuelekeza linakaa katikati ya tumbo, sio ubavuni, na halichomolewi ovyo mbele za watu. Kilichoniudhi ni joho, lilikuja fupi na lina doa la mafuta ya udi mkononi, tukakimbia kubadilisha watu washaanza kupiga dufu nje. Nenda siku mbili kabla ukajaribishe, ila lile jambia usiliache.