Fremu tupu ya pikipiki ya umeme: shingo imenyooka, kizimba cha betri bado

Fremu hii inauzwa tupu: shingo, mabomba ya mwili, mkono wa nyuma unaoshika tairi, mabamba ya mota na kizimba cha betri. Mota, kontrola (kifaa kinachoongoza umeme wa mota), betri, foki, magurudumu na waya mteja anajitafutia. Imejengwa na karakana moja ya kuchomelea jijini Dar es Salaam kwa ajili ya mota ya katikati, yaani inayofungwa kwenye fremu na kuvuta tairi kwa cheni, QS 138 70H ya kilowati 3, na betri ya volti 72. Foki, rimu za inchi 17 na shokapu mbili za nyuma ni zile zile za pikipiki za bodaboda, na huo ni uamuzi mzuri kuliko yote waliyoamua, kwa sababu vipuri hivyo havikosekani dukani hata mji mdogo. Tunaipendekeza, kwa sharti moja kuu: usiweke betri ndani yake kabla hujakata na kuchomelea upya vishikio vya kizimba.

Tuanze na shingo, maana ikikosewa hapo hakuna kingine cha kuokoa. Shingo imelala nyuzi 26 kutoka wima. Kwa tairi la mbele la 2.75-17, ambalo nusu kipenyo chake ni kama mm 286, na foki iliyosogezwa mbele mm 38 kutoka mstari wa shingo, tairi linagusa ardhi takriban mm 97 nyuma ya mahali mstari huo unapogusa. Huo ndio umbali unaofanya usukani ujirudishe wenyewe baada ya tuta. Kila nyuzi moja shingo inaposimama zaidi, umbali huo unapungua karibu mm 6, na zikipotea nyuzi kadhaa usukani unaweza kuanza kutikisika kwenye mwendo. Hapa haikupotea hata moja. Fundi alifunga shingo kwenye jigi, yaani kiunzi kinachoshika vipande visihame, akachomelea kwa vipande vifupi upande huu na upande ule, kisha akachonga upya viti vya koni (beringi za usukani) baada ya chuma kupoa. Hatua hiyo ya mwisho wengi huiruka. Joto la kuchomelea hugeuza shingo kuwa yai, koni zinaingia zikiwa zimelegea upande mmoja, na baada ya wiki chache usukani unagonga kila ukishika breki ya mbele.

Unaweza kulipima hili mwenyewe ukiwa bado dukani. Pitisha fito ya chuma iliyonyooka katikati ya koni zote mbili, pitisha nyingine kwenye mashimo ya ekseli ya nyuma, halafu vuta uzi kutoka katikati ya ekseli hadi katikati ya shingo. Uzi upite katikati ya bomba la mgongo. Kisha simama nyuma ya fremu, funga jicho moja, utazame kama fito ya shingo imesimama wima juu ya fito ya ekseli. Jicho la kawaida linaona mwinamo wa nyuzi moja bila kifaa chochote.

Mabomba ni meusi ya inchi 1, kipenyo cha nje mm 33.7, unene mm 2.6. Hayakupakwa zinki, na hilo tunalishukuru: bomba la maji la zinki likichomelewa hutoa moshi unaoumiza mapafu ya fundi na kuacha vishimo ndani ya mshono. Mita moja ya bomba hili ina uzito wa kilo 2, na mwili umekula karibu mita 6, kwa hiyo ni kilo 12 kabla ya bamba hata moja. Ni nzito. Bomba la mm 25.4 lenye unene wa mm 2 lingetosha kwa mabomba ya nyuma chini ya kiti na kupunguza karibu kilo 2, lakini kwa pikipiki ya kubeba abiria na magunia hatuoni ubaya wa chuma kuzidi kidogo. Midomo ya mabomba imekatwa kwa duara ikakumbatia bomba la pili bila mwanya, ndipo wakachomelea kwa mashine ya MIG, ya umeme inayolinda mshono kwa gesi, na waya wa ER70S-6. Mshono ni wa magamba yaliyolala sawa, haukusagwa kwa grainda ili upendeze. Fundi anayesaga mshono hadi ulale na bomba anaondoa chuma pale pale panapohitajika zaidi.

Mabamba ya mota ni ya mm 8, mawili, yameunganishwa kwa bomba la kuvuka juu na chini. Kuna atakayesema mm 5 ingetosha. Ipige hesabu. Sproketi ya meno 14 ya cheni 428 ina nusu kipenyo cha mm 28 hivi. Mota ikitoa Nm 80 (kipimo cha nguvu ya kuzungusha) kwenye shafti, cheni inavuta kwa nguvu inayozidi kilo 280, na yote iko upande mmoja wa mota. Bamba la mm 5 lisilofungwa na mwenzake linajipinda, sproketi inakaa upande, cheni inakula meno kisha inaruka. Mapengo ya boliti yameachwa marefu kwa mm 10 ili mota isogezwe. Hilo linasaidia kulinganisha sproketi mbili, lakini usilitegemee kukaza cheni. Cheni ikazwe nyuma kwenye ekseli. Kitovu cha sproketi ndogo kiko mm 85 mbele ya ekseli ambayo mkono wa nyuma unachezea juu yake. Kadiri viwili hivyo vinavyokaribiana ndivyo cheni inavyobadilika kidogo mkono ukipanda na kushuka, kwa hiyo hapo pamepangwa vizuri.

Sasa kizimba. Betri inayoitwa ya volti 72, ya seli 24 za lithiamu-chuma-fosfeti (LFP) za Ah 40 (ampea-saa), hasa ina volti 76.8 na karibu kilowati-saa 3, na pamoja na kasha lake inafika kilo 26 hivi. Karakana imetengeneza kizimba kizuri cha angalaini (chuma cha pembe) ya mm 25 kwa 25, unene mm 3, kisha ikakining'iniza kwenye mabomba kwa vishikio vinne vya bamba la mm 3, upana mm 25, urefu mm 40, vyote vikiwa vimelala bapa. Hapo ndipo ilipokosea. Gurudumu likiingia shimoni, betri inasukuma chini kwa mara tatu ya uzito wake bila shida. Kila kishikio kinabeba kama kilo 20 kwenye ncha ya mm 40, na bamba lililolala bapa linapata mkazo wa takriban MPa 200 (megapaskali, kipimo cha mkazo ndani ya chuma). Chuma cha kawaida cha dukani huanza kupinda kwenye MPa 235. Haitavunjika siku ya kwanza. Itachoka.

Ufa wa namna hii hauanzi katikati ya mshono. Unaanzia ukingoni, pale mshono unapoishia na bamba linapoanza. Kwanza rangi inapasuka mstari mwembamba kama unywele. Siku chache baadaye, baada ya kuosha pikipiki au mvua, mstari unageuka kahawia. Ukipitisha ukucha, unakwama. Ukifika hapo usiongeze mshono juu ya ufa. Chuma cha chini kimeshapasuka, na ufa utatokea tena kando yake.

Dawa yake ni ndogo mno kiasi cha kuuma roho. Kata vishikio vyote vinne. Tumia bamba lile lile la mm 3, lakini lisimame wima, upana wa mm 25 ukielekea juu na chini. Kwa mzigo ule ule mkazo unashuka hadi MPa 25 hivi, zaidi ya mara nane, bila kuongeza gramu moja ya chuma. Halafu pitisha mabomba mawili ya kuvuka chini ya kizimba, kutoka bomba la kushoto hadi la kulia, ili betri ikalie fremu. Vishikio vya juu vibaki na kazi ya kuizuia isicheze. Kati ya betri na chuma weka raba ya mm 5. Sakafu ya kizimba imezibwa kabisa, kwa hiyo toboa mashimo manne ya mm 8 kwenye pembe, la sivyo masika yote betri itakaa kwenye beseni. Tundu la kutokea nyaya nalo lina makali. Lisage, uvike raba, maana waya mnene wa betri ukichubuka hapo unakuwa umeiunganisha fremu na volti 72. Kabla ya kuwasha, pima kwa mita kati ya kila ncha ya betri na chuma kitupu cha fremu. Mita isionyeshe volti.

Mkono wa nyuma umechomelewa na mtu mwingine, au siku nyingine. Hapa wametumia vijiti vya kuchomelea vya E6013, kuna masizi (takataka ya kijiti inayoganda juu ya mshono) yaliyofunikwa na rangi na ukingo wa bomba umeliwa sehemu mbili. Mguu wa kushoto ni mfupi kuliko wa kulia kwa mm 3, umevutwa na joto. Vikaza cheni vinaweza kuficha tofauti hiyo, ila alama za pande mbili hazitasomeka sawa tena na utalazimika kupima kwa rula kila unapokaza. Tofauti ikizidi mm 2, kama hapa, warudishie wakatengeneze mkono mwingine kwenye jigi.

Kuhusu usajili, kwa pikipiki nyingi namba ya chesisi imepigwa kwenye shingo, na kadi ya usajili inaifuata namba hiyo. Fremu mpya kabisa haina namba inayotambulika. Mwenye pikipiki ya petroli anayetaka kubadili aulize TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania) kwanza, kabla grainda haijagusa shingo ya zamani.

Jambo moja la kuwaambia wakati wa kuagiza: walete fremu bila rangi. Rangi ya poda inaficha masizi, inaingia kwenye viti vya koni na kwenye nyuzi za boliti. Ifunge ikiwa chuma kitupu kilichopakwa oili nyepesi, iendeshe kilomita 500 ukiwa na mzigo kwenye barabara ya vumbi, kaza boliti za mota upya, kagua kila mshono kwa tochi na ukucha. Baada ya hapo ndipo uivue kila kitu na kuipeleka kupakwa.