Alaina zangu, maji ya kisima na yule dada wa mapokezi: uzoefu wangu hapa Mwanza

Naanza na hukumu ili mwenye haraka aondoke nayo: nyota moja. Jina la kliniki silitaji, sitaki kesi na mtu. Ipo katikati ya mji, ina viti vya ngozi na kiyoyozi kinachokugandisha kabla hujaitwa. Anayeijua ameshaijua.

Mimi ni MC. Harusi, sendofu, kipaimara, hata misiba ya wakubwa nimeshika maiki. Meno yangu ya mbele yalipandana tangu utotoni, na nilishasema siwezi kuvaa waya za chuma huku kamera za watu zinanimulika usoni. Ndiyo maana nilikubali kutoa hela ambayo ningenunua pikipiki, nikachukua alaina, zile plastiki zisizoonekana za kunyooshea meno. Zinavyofanya kazi mtasoma kwingine. Mimi nimekuja kuzungumzia usafi wake, na jinsi nilivyofanywa mchafu mbele za watu.

Nilipoanza nilipewa karatasi moja ya maelekezo. Vaa saa 20 hadi 22 kwa siku. Vua ukila, vua ukinywa chochote kisichokuwa maji. Kila ukivua, osha kwa sabuni na maji ya bomba, ya baridi tu. Imeisha hiyo. Nikaifuata neno kwa neno. Kithembe kilinitesa kidogo mwanzoni, kuna bibi harusi mmoja wa jina lenye "s" nyingi sijui kama amenisamehe mpaka leo, lakini kiliondoka chenyewe. Kwenye sherehe wenzangu wanashushia pilau na soda, mimi naenda chooni kuvua, nasukutua, nakula, nasukutua tena, narudi kwenye maiki. Mtu anayefanya hivyo kila Jumamosi huwezi kumwambia hajali meno yake.

Nakaa Buhongwa, kule juu. Wa huko wenzangu mnajua habari ya bomba: lipo, ila maji yana siku zake. Yakitoka tunajaza mpaka sufuria za wali. Yakikata tunahamia kisima cha mwenye nyumba, kirefu, kina pampu, hakijawahi kutuangusha, na Mungu ambariki mzee wa watu. Lakini yale maji ni magumu. Unafua, sabuni inaisha na povu huoni. Ukianika glasi bila kuifuta, inabaki na madoa meupe. Bomba la bafuni mdomo wake umeota ukoko.

Watu nikiwaambia hivi wananicheka. Maji magumu, Mwanza? Na ziwa lote hilo? Sasa ziwa ndilo halina shida hiyo. Maji ya Ziwa Victoria ni laini, kwa sababu sehemu yake kubwa kabisa ni mvua inayolinyeshea lenyewe, hayajapata muda wa kukaa ardhini na kuyeyusha mawe. Yanavutwa ziwani, yanasafishwa, yanatufikia. Nikibahatika kupata bomba kwa wiki nzima, alaina zangu zinang'aa. Maji ya kisima yamelala kwenye mwamba miaka na miaka, yamebeba kalisiamu na magneziamu, na yakikauka juu ya kitu chako, mzigo wote yanakuachia wewe.

Basi alaina zikaanza kupauka. Kwanza ukungu tu, nikadhani ni macho yangu. Baadaye ukaja unga mweupe pembeni, pale plastiki inapogusana na fizi, na ndani ya vile vishimo vya magego. Zikiwa na maji huoni kitu. Ziache zikauke dakika chache, weupe huo unarudi. Nikipitisha ulimi unakwaruza kama msasa. Nikisugua kwa mswaki hautoki, nikiongeza sabuni ndiyo kwanza unazidi.

Sasa twende kwenye siku yenyewe. Nilikwenda kuchukua seti inayofuata. Mapokezi pamejaa: mama na mtoto wake analia, mzee mmoja kashika shavu, wadada wawili wa chuo wanachezea simu. Yule dada wa mapokezi akanipokea kiboksi ninachohifadhia alaina, na badala ya kukipeleka ndani akakifungua pale pale juu ya kaunta. Akaitoa alaina ya juu kwa vidole viwili, akainyanyua mpaka usawa wa dirisha.

"Kaka, hivi wewe unapiga mswaki kweli?"

Hakunong'ona. Na sauti anayo, huyo angeweza kuendesha sherehe bila spika.

Nikamwambia, "Napiga, dada. Asubuhi, usiku, na mchana nikila."

"Huu ni ugaga. Mtu anayepiga mswaki hapati ugaga wa hivi." Kisha akamgeukia mwenzake, "Hebu ona."

Mwenzake akaona. Mzee wa shavu naye akaona. Mtoto akanyamaza kulia ili aone vizuri. Na mmoja wa wale wadada wa chuo, nilimsikia kwa masikio yangu, akamwambia mwenzake: "Si yule MC wa harusi ya kina dada?"

Nikajikaza. Nikamwambia: dada, angalia basi na hicho kiboksi, kina weupe huo huo ndani mpaka kwenye kifuniko. Kiboksi hakina mate, hakili ugali. Nacho hakipigi mswaki?

Hakunijibu. Akairudisha alaina, akachomoa tishu, akajifuta vidole. Kimoja. Kimoja. Kisha akaniwekea mezani pakiti ya vidonge vya kuoshea meno ya bandia, shilingi 35,000, "uwe unatumia kila siku." Foleni nzima inanitazama. Nikalipa.

Watu wengi waliokulia Arusha na Meru meno yao yana rangi ya kahawia, na kila mtu anajua ni floraidi ya maji waliyokunywa wakiwa watoto. Daktari mwenye akili zake hawezi kumwambia mtu wa Arusha kwamba hapigi mswaki. Sasa mimi wa kisima cha Buhongwa nimekosa nini?

Kuhusu vidonge. Ukikitumbukiza kinachemka, maji yanageuka bluu, unaona kabisa hela yako inafanya kazi. Harufu inaondoka, hilo siwanyimi, na madoa ya chai pia yanapungua kwa wale wanaokunywa chai kwa kujificha. Lakini ukoko? Nilizitoa, nikasuuza, nikaziweka juu ya kitambaa, nikakaa nazitazama zinakauka. Zikarudi nyeupe vile vile. Nilipokuja kuelewa nilitaka kupiga ukuta: vidonge vya aina hii vina asidi ndani, ndiyo, lakini vina na baikaboneti ya soda, hivyo viwili vinamalizana vyenyewe kwa vyenyewe, na povu unalolishangilia ndiyo vita yao. Ukoko wako hauna habari. Isitoshe karatasi ya vidonge inasema tumia maji ya uvuguvugu, karatasi ya alaina inasema baridi tu kwa sababu joto linapinda plastiki. Karatasi mbili, kaunta moja.

Aliyenisaidia hana hata ubao wa jina. Ni mama anayeuza chai pale kona kwetu. Nilipita asubuhi nikiwa bado nimevimba, nikamwamkia, akauliza mbona uso hivyo, nikamwaga yote. Akacheka.

"Mwanangu, huo si uchafu, ni kisima. Njoo uone."

Akafunua birika lake kubwa la bati. Nje jeusi kwa moshi, ndani jeupe pee, ukoko wa unene wa ukucha, umepasukapasuka chini. Akasema akiliachia mwezi halichemki haraka, mkaa unaisha bure, kwa hiyo kila akipata nafasi analichemshia ndimu na maganda yake. Akaingiza kijiko, akakwangua kipande kikatoka kizima kizima, akaniwekea kiganjani. Ulikuwa ule ule wa kwenye alaina zangu, tofauti ni unene.

Nikanunua ndimu. Nyumbani nikadondoshea tone moja kwenye kifuniko cha kiboksi, nikainama. Vikaanza kutoka vipovu vidogo vidogo, ukoko unaliwa mbele ya macho yangu. Ule ni kalisiamu kaboneti, ikikutana na asidi inatoa hewa na kuyeyuka. Ugaga halisi wa meno ni fosfeti kwa sehemu kubwa, hautokwi na povu namna ile. Natamani ningekuwa na hiyo ndimu siku ile mapokezi.

Ndimu niliiacha kwa sababu ya nyamanyama zake, sasa natumia siki nyeupe ya dukani. Siki kipimo kimoja, maji ya baridi vipimo vitatu, nazilaza kama robo saa, napitisha mswaki laini, halafu nasuuza, nasuuza, nasuuza. Hapa nisikilizeni: msizivae zikiwa bado na ukali, na msisukutue siki hiyo mdomoni. Asidi haijui kutofautisha ukoko na jino. Na mkisuuza vibaya mtanukia kachumbari. Bwana harusi mmoja aliniuliza kama chakula kimeshapakuliwa.

Ile sabuni ya kwenye karatasi yao nayo ilikuwa inanimaliza. Sabuni ya kipande ikikutana na maji magumu inashikana na kalisiamu na kuwa utando mweupe unaonata, ndio ule unaobaki kwenye beseni ukimaliza kuoga. Kwa hiyo kadiri nilivyokuwa mtiifu ndivyo nilivyochafuka! Nimehamia sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, tone moja, ile isiyo na manukato, haileti utando huo. Kusuuza kwa mwisho natumia maji ya bomba niliyoweka kwenye ndoo yenye mfuniko, na yakiisha nachemsha ya kisima, nayaacha yapoe na kutulia, namimina ya juu. Ukoko mwingi unakuwa umebaki kwenye sufuria. Halafu nazifuta zikauke kabla ya kufunga kiboksi, maana ukoko unazaliwa pale maji yanapokauka juu ya plastiki. Hili la kufuta ni la bure na ndilo lililonisaidia kuliko yote.

Sasa, nisiwe mtu wa chuki. Meno yananyooka. Picha za mwanzo na za sasa nikiziweka pamoja mke wangu anacheka kwa furaha, mimi mwenyewe siamini. Daktari wa pale ni mama wa makamo, mikono myepesi, anakueleza kila anachogusa. Nilipokuwa naandika mpaka hapa nilishapandisha hadi nyota tatu, na nilitaka kufuta ile sentensi ya kwanza.

Halafu nikakumbuka nilipomsimulia huyo daktari, nikitegemea atashangaa. Hata hakuinua kichwa. "Ah, kumbe unatumia kisima? Wagonjwa wangu wengi wa kisima nawaambia siki." Anawaambia! Kumbe ndani ya jengo lile lile, hatua chache kutoka kwenye kaunta, kuna mtu anajua! Anajua, na karatasi inayotolewa kaunta haisemi, na vidonge vinauzwa pale pale, na mtu anaulizwa mswaki mbele ya watoto. Nilimwambia, daktari, mbona hamjaandika? Akasema atalifikisha.

Kwa hiyo nyota mbili. Moja ya daktari, moja ya meno yangu yenyewe ambayo yamefanya kazi kubwa. Kama unakaa Capri Point au Isamilo na bomba lako halikatiki, nenda tu, utanyooshwa vizuri na hutajua nilikuwa napiga kelele za nini. Wa kisima, nenda na siki yako, na kiboksi umkabidhi daktari mkononi.

Juzi nimechukua seti nyingine. Yule dada alinikaribisha vizuri tu, "karibu kaka", wala hakumbuki. Akanipa karatasi. Nikaisoma yote nikiwa nimesimama: sabuni na maji ya bomba. Nikamwomba kalamu, nikachukua na zile nyingine zilizokuwa zimepangwa kwenye kaunta, nikaanza kuongeza chini yake moja baada ya nyingine: "wa kisima, siki nyeupe, mfute." Nilikuwa nimefika kama ya nne aliponinyang'anya kalamu yake, akaniuliza, kwa sauti ile ile, ni nani amenituma kuchafua karatasi za ofisi.