Upinde wa kuwindia nyikani: upi ununue kwanza, upi uuache dukani

Ukiingia duka la pinde Alaska au kaskazini mwa Kanada, mara nyingi muuzaji atakutolea kwanza upinde wenye kasi kuliko yote. Utazame, umshukuru, kisha umuulize: upote, yaani kamba ya upinde, ukikatika nikiwa mwendo wa siku tatu kutoka barabarani, nitafanyaje? Nimezipanga aina za pinde hapa chini kwa kufuata jibu la swali hilo, wala si kwa bei au kasi.

Tuanze na sheria, maana ndiyo itakayokuambia kama ununue au usinunue. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Tanzania huwindi mnyamapori bila leseni, chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009. Uingereza sheria ya 1981 inakataza kabisa kuua mnyama wa porini kwa upinde. Kwa hiyo mwongozo huu ni wa ndugu zetu walioko Marekani na Kanada, ambako ukiwa na leseni, na sehemu nyingi pia cheti cha mafunzo, unaruhusiwa. Hata huko kuna masharti ya nguvu ya upinde. Alaska hudai angalau ratili 40 (kilo 18) kwa kulungu na dubu mweusi, na ratili 50 kwa dubu wa kahawia.

Namba ya ratili iliyoandikwa kwenye upinde wa kawaida imepimwa kwa mvuto wa inchi 28, yaani umbali ambao kamba huvutwa. Wengi wetu hatufiki hapo. Nyoosha mikono yote miwili, pima kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, kisha gawa kwa mbili na nusu, upate mvuto wako. Mwenye sentimita 165 anapata 66, yaani inchi 26. Kila inchi inayopungua hukuondolea ratili mbili hadi tatu, hivyo upinde ulioandikwa 45 kwake ni kama 40 tu. Ukinunua bila kujua hili, waweza kujikuta chini ya kiwango cha sheria na hujui.

Chaguo langu la kwanza, tena bila kusita, ni rikevu ya vipande vitatu: mpini katikati na mbawa mbili ambazo ncha zake zimejipinda kuelekea mbele. Unafungua skrubu mbili, upinde mzima unaingia kwenye begi la mgongoni. Ubawa ukipasuka, unanunua ubawa, si upinde. Na hapa ndipo anayeanza anapopata faida kubwa: nunua mbawa za ratili 30 au 35 za kujifunzia, na mwili ukishazoea ongeza mbawa za 45 au 50 kwenye mpini uleule. Anayeanza moja kwa moja na 55 hujifunza kutetemeka. Bega linaumia, anaachia mshale kabla ya kulenga, na tabia hiyo huchukua muda mrefu kuiondoa. Urefu wa inchi 60 au 62 unatosha watu wengi. Rikevu nzuri ya kuanzia hupatikana kwa dola 120 hadi 200, na kamba yake unaibadilisha mwenyewe chini ya mti kwa kifaa cha kupandishia kamba, ambacho ni uzi tu wenye vifuko viwili vya ngozi. Kitumie kila mara, kwa sababu kupandisha kamba kwa goti ndiko kunakopinda mbawa.

Wahadzabe wa bonde la Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, wanawinda hadi leo kwa pinde walizochonga wenyewe, kamba zake zikiwa za kano za wanyama, na mshale uliopinda wanaupasha moto na kuunyoosha kwa meno. Hakuna kitu kwenye silaha hiyo ambacho mwenyewe hawezi kukitengeneza. Upinde wa dukani hautafika hapo, lakini ndio upande wa kuelekea.

Wa pili ni upinde mrefu wa mbao. Ni mtulivu, hauna kelele, na husamehe makosa ya vidole kuliko rikevu. Udhaifu wake ni urefu wenyewe: inchi 66 au 68 katika kichaka kizito ni usumbufu, na mwingi wa aina hii haufunguki. Ukiishi kwenye nchi ya wazi, huenda ukaupenda kuliko huo wa kwanza.

Kompaundi, yaani upinde wenye vigurudumu kwenye ncha za mbawa, naiweka ya tatu, na najua wengi watabisha. Holless Wilbur Allen wa Missouri alipata hataza yake, yaani hati ya uvumbuzi, mwaka 1969, na vile vigurudumu vyake vilibadilisha uwindaji. Ukishavuta hadi mwisho, uzito hupungua kwa hadi asilimia 80, hivyo upinde wa ratili 60 unaushikilia kwa 12 hivi ukisubiri mnyama ageuke. Kwa mtu anayewinda msimu mmoja kwa mwaka na kurudi nyumbani jioni, hii ni ya kwanza, sibishani naye. Lakini kamba ikitoka kwenye vigurudumu, kwa kawaida unahitaji mashine ya kubania mbawa ili kuirudisha. Ukiachia bila mshale mara moja tu, inaweza kuvunjika yote mikononi mwako. Nyikani hakuna mashine.

Krosbou, yaani upinde uliolazwa juu ya kitako kama bunduki, ni rahisi kujifunza, ila ni nzito, huchukua muda kupakia, na sheria zake hutofautiana sana kutoka jimbo hadi jimbo. Mwenye bega bovu aifikirie. Wengine waipite.

Za mwisho ni zile pinde za kukunja zinazouzwa kwa jina la kujiokoa. Zinakaa vizuri kwenye buti la gari, hilo ni kweli. Lakini kwa bei hiyohiyo unapata rikevu ya kweli yenye vipuri katika kila duka la pinde, na bawaba ni mahali pengine pa kuharibika.

Ukishachagua, usimalize pesa kwenye upinde. Mishale ndiyo inayopotea na kuvunjika, na mshale usiolingana na upinde hauendi unakolenga hata mikono ikiwa mizuri kiasi gani. Ugumu wa wano, yaani ule mti wa mshale, lazima uendane na nguvu unayoivuta wewe, si iliyoandikwa. Mwambie muuzaji namba yako halisi. Alumini hupinda na yaweza kunyooshwa kidogo. Kaboni haipindi, lakini hupasuka kimyakimya: kila ukipiga jiwe au mti, likunje wano na usikilize kama linalia, maana likivunjika wakati wa kuachia, vibanzi vyake huingia mkononi. Ongeza vigumba butu, yaani vichwa vya mshale visivyo na makali, kwa sungura na ndege. Mtu mwenye njaa atakula hao kabla hajamwona kulungu, na ndoano za samaki zitamlisha kuliko vyote, kwa hiyo zitie begini.

Kwa mnyama mkubwa kigumba kiwe na makali ya kunyolea, kwa sababu mshale huua kwa kumwaga damu. Kwa rikevu usipige zaidi ya mita 20, na mpaka ufike hapo mita 15 ni heshima kwa mnyama. Nunua pia kamba mbili za akiba, nta, na kinga ya mkono. Kule kwenye baridi kali mkono wa koti nene hugongwa na kamba na mshale unapotea, basi fanya mazoezi ukiwa umelivaa koti lenyewe.

Ukinunua wa mtumba, utazame kutoka nyuma ukiwa umepandishwa kamba: kamba ipite katikati ya mbawa zote mbili, isipopita umepinda. Halafu pitisha pamba taratibu juu ya mbawa. Pamba ikinasa mahali, pana ufa, na hapo mrudishie mwenyewe hata kama anakupunguzia nusu bei.