Kuacha ghafla au kupunguza kidogokidogo?

Ukishapata nafuu ya wasiwasi, kuacha dawa ghafla kunavutia: vidonge vimeisha, nani apande daladala kutoka Ujiji kufuata vingine? Lakini setralini, dawa ya wasiwasi ambayo nusu yake hutoka mwilini kwa takribani siku 1, huondoka na kelele. Kizunguzungu kama umeshuka boti Kibirizi, usingizi wa mang'amung'amu, shoti za umeme kichwani. Ndipo mtu hudhani ugonjwa umerudi (au karogwa).

Kupunguza kunachosha, sikatai: wiki kadhaa, pengine miezi, dozi ikishushwa na daktari. Ningechagua hiyo. Kumeza leo na kuruka kesho si kupunguza. Fluoksetini, dawa nyingine ya aina hiyo, hukaa mwilini muda mrefu zaidi, hivyo kuiacha huwa rahisi kidogo. Dalili zikikuzidi, daktari anaweza kukurudisha dozi iliyotangulia, kisha mkashuka polepole zaidi.