Uzoefu wangu na usafiri wa kadi na ukaguzi wake wa nauli: nyota tatu kati ya tano

Napanda treni na mabasi ya kadi karibu kila siku, na nauli yangu nalipa. Nasema hivyo mapema kwa sababu maoni mengi ninayosoma kuhusu huduma hii yameegemea upande mmoja: ama wakaguzi wote ni wanyanyasaji, ama wakwepa nauli wote wapelekwe mahakamani. Mimi nimekutana na ukaguzi mzuri na ukaguzi wa hovyo katika usafiri huohuo. Mkaguzi mkali hanisumbui. Kinachonisumbua ni mkaguzi asiyeweza kumtofautisha aliyekwepa nauli na aliyeangushwa na mashine.

Kadi yenyewe naipenda. Unaigusisha, taa ya kijani inawaka, geti linafunguka, safari imeanza. Hakuna kutafuta chenji. Tatizo ni mambo ambayo hakuna bango linalokueleza. Kwenye njia zinazotoza kwa umbali lazima uguse tena unaposhuka, la sivyo mfumo haujui umeishia wapi na unakukata nauli ya juu kabisa. Ukiweka kadi mbili za kugusa kwenye pochi moja, mashine inaweza kukata ile usiyoitaka. Na ukiingia kwa simu ukatoka kwa kadi ya benki, hata kama pesa zinatoka akaunti moja, mfumo unaona wasafiri wawili ambao kila mmoja hakumaliza safari yake. Abiria mgeni atayajuaje haya? Anayajua siku anapokaguliwa.

Sasa niwaeleze ya kwenye basi. Ilikuwa jioni, watu wamejaa, na mashine ya mlango wa kati ilikuwa imezimika kabisa, kioo cheusi. Tulibandika kadi, hakuna mlio. Dereva akatuashiria tuingie. Niliipiga picha ile mashine pamoja na namba ya basi, kwa kuwa wakaguzi nawajua. Mbele kidogo wakapanda wakaguzi, mmoja kila mlango. Mzee aliyekaa mbele yangu akatoa kadi, mkaguzi akaiweka kwenye kifaa chake cha mkononi, akasema haijasomwa. Mzee akamwambia kwa upole, "Mwanangu, hebu itazame mashine ya pale mlangoni, haina hata taa." Ilikuwa hatua chache tu. Hakwenda kuitazama. Akaandika faini, kisha akaniandikia na mimi, na abiria waliojaribu kututetea wakaambiwa wanyamaze.

Nilikata rufaa kwa ile picha na faini ikafutwa, lakini majibu yalichukua wiki kadhaa. Mzee nilimpa picha hiyohiyo, akaniambia atalipa tu, maana karatasi inasema ukilipa mapema unapunguziwa. Hapo ndipo ninapowakatia nyota. Punguzo la namna hiyo lipo sehemu nyingi; London faini ya 100 pauni inashuka hadi 50 ukilipa ndani ya siku 21. Kwa aliyekwepa kweli ni nafuu. Kwa asiye na kosa ni kishawishi cha kununua amani yake, na kampuni inahesabu mkwepaji mmoja zaidi ambaye hakuwahi kuwapo.

Ukaguzi mzuri niliuona kwenye treni. Mkaguzi alikuwa mama mmoja asiye na haraka. Kijana wa kwanza kadi yake ilionyesha salio limeisha, lakini yule mama akafungua kumbukumbu za safari, akaona aliingia vizuri na pesa zikaisha njiani, akamwambia aongeze salio akishuka. Wa pili alikuwa amepita geti kwa kumbana mtu mgongoni, bila kugusisha kadi. Mama akainama, akamgeuzia kioo cha kifaa na kusema kwa sauti ya chini, "Soma mwenyewe, kituo ulichoingilia hakipo." Akamwandikia faini. Behewa zima halikujua kilichotokea. Kijana yule hakubisha, na sidhani angepata la kubisha.

Na hao wanaobana watu mgongoni getini wananikera sana, niseme ukweli. Wengi ninaowaona si watu waliokosa nauli. Wamevaa vizuri, simu mkononi, na wanakusukuma kama vile wewe ndiye uliyewachelewesha. Asiye na kitu kabisa namwonea huruma, na naona apewe kadi ya nauli nafuu kabla ya kuandikiwa faini ambayo hawezi kuilipa.

Kuna wanaosema dawa ni kujaza mageti kila mahali. Berlin treni zao za chini ya ardhi hazina mageti. Unaingia moja kwa moja, na wakaguzi waliovaa kiraia wanaweza kutokea muda wowote. Luxembourg walifuta nauli nchi nzima mwaka 2020, isipokuwa daraja la kwanza la treni, na hata kabla ya hapo pesa za tiketi zilikuwa zinalipia sehemu ndogo tu ya gharama. Tallinn, mji mkuu wa Estonia, wakazi wanasafiri bure tangu 2013, lakini bado wanatakiwa kugusisha kadi. Kwa hiyo geti si lazima. Kilicho lazima ni mashine inayofanya kazi na mkaguzi aliyepewa kifaa cha kuona historia ya kadi, pamoja na ruhusa ya kuamini anachokiona.

Nyota ya nne nitaiongeza siku mkaguzi atakapotakiwa kukagua kwanza mashine za basi ndipo aanze na abiria. Ya tano, siku muda wa kupata lile punguzo utakaposimamishwa tangu rufaa inapopokelewa, na hilo liandikwe wazi kwenye karatasi ya faini. Kwa sasa, mkikuta kioo cheusi mlangoni, pigeni picha kabla hamjakaa, na namba ya basi ionekane.