Tahadhari: anayeuza fimbo za pool za vipande viwili kwa simu

Assalaam alaykum ndugu zangu wa Unguja na Pemba. Kuna mtu anauza fimbo za pool za kufungua kwa njia ya simu. Mwenyewe husema yuko mjini Unguja, pande za Darajani, na mzigo huupakia kwenye boti mpaka Mkoani. Mimi ameshanila shilingi 180,000. Kabla hujamtumia hata senti, soma hapa.

Maneno yake matamu. Kiungo, yaani pale vipande viwili vinapoungana, cha chuma kisichoshika kutu, mti kutoka Marekani, halafu akaniambia: "Kaka, kwa kiungo hiki mpira mweupe unarudi nyuma wenyewe." Hilo la mwisho ndilo lililoninasa, na si kweli hata kidogo. Ncha hugusana na mpira kwa kama sehemu moja au mbili za elfu ya sekunde. Mkono unapohisi kishindo, mpira umeshakwenda zake. Kurudi nyuma kunatokana na pale ulipopiga na kasi uliyopiga nayo. Kiungo hubadilisha kile unachokihisi mkononi na kukisikia masikioni, basi.

Na hapo tofauti ipo, sikatai. Kiungo cha chuma huongeza uzito kati ya fimbo, na wachezaji wengi hukuambia kishindo chake ni kikavu. Kile cha mbao kwa mbao huja laini zaidi, karibu na fimbo nzima ya kwenye meza, na mimi ndicho nikipendacho. Vyote viwili ni vizuri vikitengenezwa sawa. Cha chuma aghalabu kina pini, ile skrubu inayounga vipande, ya inchi 5/16, na upande wa jike, wenye tundu, huwa na shingo fupi ya shaba inayoingia ndani ya pete ya chuma bila kucheza. Cha mbao mara nyingi kina pini nene ya inchi 3/8 yenye meno 10 kwa kila inchi, na nyuso mbili bapa zinalaliana kote. Pini ikikaa pembeni kidogo tu, au nyuso zisipokutana, fimbo imeharibika hata ingekuwa ya dhahabu.

Yangu siku ya kwanza ililia kama kijiko ndani ya kikombe. Nikipiga mara tatu nne, kiungo kimeshalegea, nakaza tena. Nikachukua karatasi ya daftari, nikaipenyeza kwenye maungio yakiwa yamekazwa: upande mmoja ikaingia, upande wa pili ikagoma. Nikaviviringisha vipande mezani kimoja kimoja, vyote vimenyooka. Nikaviunga, ncha ikawa inaruka juu chini. Maana yake mti hauna kosa, pini ndiyo imekwenda upande.

Nikampelekea fundi mmoja hapa Chake anayekereza miguu ya vitanda. Aliishika pini kwa koleo, akazungusha kidogo, ikatoka yote na unga wa mbao uliochanganywa na gundi. Tundu lilitobolewa kubwa kuliko pini, kisha likajazwa uchafu ule. Ile pete ya "chuma" ni plastiki iliyovishwa bati jembamba, na kwa upepo wetu huu wa bahari ilikuwa imeshaanza kutu pembeni. Wiki tatu tu! Iliniuma sana, maana pesa ile nilikuwa nikiiweka tangu msimu wa karafuu.

Nilipomwandikia akanijibu kwamba nimekaza kwa nguvu. Nikamtumia picha ya tundu, akanifungia. Tangu hapo nimejua wawili wengine waliokwisha kuliwa, mmoja wa Wete, mwengine wa Mwanakwerekwe, na kila mmoja alimjua kwa jina jengine.

Kwa hiyo tafadhalini, fimbo ya kufungua msiilipie kabla hamjaishika. Ifungueni, tazameni kama pini iko katikati, iungeni wenyewe, ipenyezeni karatasi, iviringisheni mezani ikiwa imeungwa na ikiwa imefunguliwa. Ni kazi ya dakika tano. Kama muuzaji yuko mbali, mwombeni video akiiunga na kuiviringisha. Huyu wangu nilimfanya mdogo wangu amwombe kwa namba nyengine. Akasema mzigo uko njiani kwenye boti, halafu hapo hapo akatuma namba ya kulipia.